Nani Kasogeza Mpaka wa Mama Thuranira

Kicheko cha siku ile bado kinaniwasha masikioni, na sioni aibu kusema kwamba sijakisamehe.

Mnaofuata masaibu yangu mnakumbuka niliishia wapi. Nilikuwa nimesimama barazani kwa chifu, pale Githongo, nimemaliza kuwaambia watu kwamba ukingo ulio juu ya shimo la Koome unasonga, na nyumba iliyo juu yake itakwenda nao mvua ikikolea. Koome akainuka taratibu, akafunga kifungo cha koti, akasema ana shahidi.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Kagure, mzaliwa wa Kianjokoma, Embu, na kazi yangu ni kurusha droni. Droni hupiga picha mamia kwa mamia kutoka juu, kompyuta ikaziunganisha, tukapata modeli, yaani mfano wa mahali pazima ambao unaweza kuuzungusha kwenye skrini kama mtu anayechagua papai sokoni. Koome anajenga jumba la ghorofa Githongo. Ili apate maegesho ya magari chini ya ardhi, amechimba shimo la kutisha kwenye miguu ya mteremko. Kampuni yetu ya Meru mjini ilipewa naye kazi ya kuchunga kila kitu kilicho kando ya shimo hilo: barabara, bomba la maji la kiwanda cha kahawa, nguzo za stima, na nyumba ya mbao ya mjane mmoja anayeitwa Mama Thuranira.

Nilirusha droni kabla tingatinga halijashuka. Nikarusha tena shimo lilipokuwa refu. Jiwe langu la alama, nililolizika nusu kwenye ukingo shambani kwa Mama Thuranira, lilikuwa limesogea shubiri nzima kuelekea shimoni. Bosi wangu, Injinia Mwirigi, aliniambia nifunge mdomo. Mimi huo mdomo nilipewa na Mungu, sikupewa na kampuni, kwa hiyo nikaupeleka barazani.

Sasa shahidi akainuka kutoka safu ya akina mama. Alikuwa Mama Thuranira mwenyewe, yule yule niliyekuwa nikimpigania.

Alijifunga leso upya, akakohoa, akatazama viatu vyake.

"Hiyo jiwe ni mimi nilitoa," akasema.

Chifu akamwuliza alilitoa akalipeleka wapi. Akajibu kwamba alilificha nyuma ya zizi la ng'ombe, halafu akashikwa na hofu ya kufungwa kwa kuiba mali ya serikali, akalirudisha. Yote hayo aliyafanya kabla sijarudi mara ya pili na droni yangu.

Baraza likacheka. Walicheka wazee, wakacheka vijana wa bodaboda waliokuwa wameegemea pikipiki zao, hata askari wa chifu akageuka upande ili asionekane. Koome peke yake hakucheka. Alisubiri kelele zitulie, akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi, "Wazee wangu, mmesikia. Kandege kameshindwa na shosho na jembe." Shosho huku ni bibi kizee.

Injinia Mwirigi alikuwa mstari wa mbele, na ndiye aliyenimaliza. Alikuja hadi niliposimama, akanivua mkoba wa droni begani mbele ya watu wote kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akasema baraza lijalo nitasimama niombe msamaha, la sivyo nitafute kazi kwingine. Nilimwambia kama msamaha ni mtamu hivyo auombe yeye, maana mdomo anao. Basi nikawa nimepoteza heshima, droni na kazi, vyote asubuhi moja, na sijanywa hata chai.

Nilimfuata Mama Thuranira nyumbani kwake nikiwa nimejaa maneno. Nitawaambia ukweli: nilikwenda kumgombeza. Umri wake sikuujali wala mvi zake. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawa najiambia njiani, na kila nilipolirudia lile neno ndivyo hasira ilivyonipanda.

Nilimkuta akikata majani ya ng'ombe. Hakuacha kukata.

"Mama, nilikuwa nakupigania," nikasema. "Kwa nini umenifanyia hivi?"

"Wewe ndiye ulikuja na rangi nyekundu," akasema. "Ukaweka X kwa shamba yangu. Ulitaka nifikirie nini?"

Akaniambia habari ya kibanda alichokuwa nacho Meru mjini, mahali alipouza viazi tangu marehemu mumewe akiwa hai. Siku moja watu walipita na kopo la rangi, wakachora X nyekundu kwenye kila mlango. Hawakueleza kitu. Aliporudi na gunia lake la viazi, alikuta tingatinga limelala juu ya mbao zake.

Wasomaji wangu, ni Mkenya gani asiyejua maana ya X nyekundu? Hata mtoto wa chekechea anajua kwamba X nyekundu ukutani ni nyumba ya kubomolewa. Mimi nilichagua nyekundu kwa sababu inaonekana vizuri kutoka juu. Kigingi cha chuma ningekitumia, lakini vigingi havikai, wanunuzi wa vyuma chakavu huving'oa kama karoti. Nikatafuta jiwe, nikalipaka nyeupe, nikalichora X nyekundu, nikalizika nusu kwenye shamba la mama aliyebomolewa kibanda, nikaenda zangu bila kumweleza. Kwa shule niliyosoma, ningetarajia akili kidogo zaidi.

Nilikaa chini kwenye ukingo wa majani. Hasira iliniishia, na palipokuwa na hasira nikaona aibu.

"Sasa ulipolirudisha," nikamwuliza kwa sauti ya unyonge, "ulijuaje mahali pake?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kinywa kiko wapi.

"Si shimo yake ilikuwa hapo? Niliiweka kwa shimo yake. Hata ilikataa kidogo, nikaigeuza ikakubali."

Nikasimama. Nilimwomba arudie, akarudia, akiwa na wasiwasi kwamba labda nina homa. Alikuwa amelirudisha jiwe kwenye shimo lile lile nililolichimba kwa mikono yangu. Na jiwe lililorudi kwenye shimo lake, kama limesogea shubiri, basi ni shimo lililosogea. Na shimo halina miguu. Lilisogea na ardhi yote iliyolizunguka.

Nilimkumbatia mama wa watu na mundu wake mkononi. Akasema nitamkata au nitakatwa, nichague.

Lakini furaha yangu haikufika mbali. Nani angeamini? Baraza lilikuwa limemsikia akikiri mwenyewe. Ningesimama niseme jiwe lilirudi shimoni, Koome angesema mama alilirudisha alivyopenda, na wangecheka tena. Nilihitaji kitu ambacho hakuna mkono wa mtu wa Githongo ungethubutu kukigusa.

Nikakiona mbele ya pua yangu. Kando ya yale majani ya ng'ombe, kwenye mpaka kati ya shamba lake na kiwanja cha Koome, kulikuwa na safu ya maua ya mpaka, yale yenye majani mapana ya kunyooka na kitunguu kinachozama chini sana. Kwetu Embu tunayaita matoka. Yalipandwa wakati mashamba yalipopimwa, enzi za wazee, kwa kamba iliyovutwa kutoka kalvati ya barabarani hadi kwenye mwamba ulio kando ya mto. Mtu anaweza kukuibia kuku, anaweza hata kukuibia mke, na bado akasalimiwa sokoni. Lakini aliyeng'oa ua la mpaka, hata ukoo wake unahesabika kuwa na doa. Watu wa huku humwogopa Mungu Jumapili, na mpaka wanauogopa wiki nzima.

Nilifungua simu, nikatafuta picha ya modeli ya kwanza, ya kabla ya kuchimba. Safu ya matoka ilionekana wazi, imenyooka kama uzi wa fundi. Sasa nilitaka kujua kama bado imenyooka. Kutoka chini usingejua, maana majani ya ng'ombe yalikuwa yamefika kifuani na safu ilipanda na kushuka na mteremko. Ilibidi kupanda juu. Na kandege kangu kalikuwa kabatini kwa Mwirigi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Abdilatif.

Abdilatif ni mpiga picha za harusi, ana studio karibu na msikiti pale Meru mjini, na kibali chake cha kurusha droni amekitundika ukutani kama mtu anayetundika picha ya babu. Tulisoma kozi ya urubani pamoja. Nilimkuta kwenye kompyuta akiweka tai kwenye shingo ya bwana harusi ambaye picha yake haikuwa nayo. Nikamwambia shida yangu yote.

"Kagure, hii ni job ya harusi ama ya vita?" akaniuliza.

"Una harusi wapi Jumamosi?"

Akafikiri, kisha akaanza kucheka kabla hajajibu. Harusi ilikuwa Githongo, kanisa liko ng'ambo ya bonde, shamba la Mama Thuranira likionekana kutoka uwanjani. Kibali cha siku hiyo alikuwa nacho mkononi.

"Mimi nitashoot bibi harusi," akasema. "Lakini nikishaona ameingia kwa gari, sijui upepo utapeleka droni wapi. Upepo ya Githongo haina adabu."

Basi Jumamosi ile, msafara wa bibi harusi ulipokuwa ukipigiwa vigelegele, droni iliinuka, ikazunguka gari lenye riboni, kisha ikaaga. Ilivuka bonde. Nilikuwa nimesimama kando ya Abdilatif nikimwambia apite akirudi, apite akirudi, kama mtu anayelima na ng'ombe, asiruke hata mstari mmoja. Shangazi wa bwana harusi alikuja na kofia yake kubwa kuuliza ni kwa nini kamera inapiga picha majani ya ng'ombe ilhali yeye amevaa vile alivyovaa. Abdilatif akamwambia ni mandhari. Mama yule akasema mandhari yana macho gani ya kuona kofia. Tulirudi tukampiga picha peke yake nyingi mno, na bado alituangalia kwa jicho la pembeni hadi keki ikakatwa.

Modeli tuliiunda studio kwa Abdilatif. Kompyuta yake imezoea kung'arisha nyuso za maharusi, kwa hiyo ilinguruma na kupata joto kama jiko. Tulikula sambusa tukingoja. Mwishowe mteremko ukajitokeza kwenye skrini, na kwenye kona yake gari lenye riboni likionekana dogo kama mdudu. Nikaiweka modeli ya kwanza chini, ya sasa juu. Nikaivuta picha hadi kwenye mpaka.

Mwanzo wa safu, pale kalvati, matoka yalikuwa palepale. Mwisho wake, pale mwambani, palepale. Lakini katikati, juu ya shimo la Koome, safu ilikuwa imelegea kuelekea chini, kama kamba ya nguo iliyoanikwa blanketi bichi. Haikuwa shubiri tena. Ilikuwa inakaribia dhiraa.

Nilipiga ukelele wa furaha. Kisha nikakumbuka kwamba ninashangilia nyumba ya mtu inayokwenda shimoni, nikairudisha sambusa sahanini.

Nilimpelekea Mwirigi ofisini, si kwa kuomba kazi, kwa kumwonyesha. Aliitazama modeli kwa muda mrefu. Ninamfahamu Mwirigi. Anapoona kosa hukimbilia kulisema. Safari hii alifunga kompyuta taratibu.

"Kagure, wachana na hii maneno," akasema. "Hujui unamsaidia nani."

Nilidhani ni vitisho vya kawaida vya wakubwa. Nilimjibu kwamba mimi najua sana ninayemsaidia, ana ng'ombe mmoja na mundu. Akatikisa kichwa, na nikatoka nikiubamiza mlango wake. Mnaonijua mnajua huwa sibamizi milango.

Baraza la pili halikukaa kwa chifu. Habari ya mpaka huamuliwa mpakani, ndivyo alivyotaka Mzee Gitobu, ambaye amekata kesi za mashamba tangu mimi sijazaliwa. Watu walikuja wengi kuliko mara ya kwanza, wengine wakitumaini kucheka tena. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka mlimani, na hewa ilinuka mvua.

Niliwaonyesha modeli kwenye kompyuta ya Abdilatif. Mzee Gitobu alivaa miwani, akainama, akatazama. Kisha akasema jambo la busara ambalo nililipenda: kompyuta ni yako, msichana, na kamba ni yetu. Akaagiza majani yafyekwe mpakani, kamba ya katani ivutwe kutoka kalvati hadi mwambani kama wazee walivyoivuta siku ya kupanda.

Wakafyeka, wakavuta. Kamba ilipokaza, hakuna aliyehitaji miwani. Mwanzoni kamba ililala juu ya maua. Katikati maua yalikuwa yameiacha, yamesimama peke yao upande wa shimo, na mtu angeweza kusimama kati ya maua na kamba. Mbele yalirudi tena kwenye kamba. Hakuna aliyecheka safari hii. Akina mama walishika vifua. Chifu alivua kofia akaivaa tena.

Mimi nilisimama nikiwa nimeinua kidevu. Niliwatazama wale vijana wa bodaboda mmoja mmoja, na walioweza kunitazama walikuwa wachache. Nakiri nilijisikia mrefu.

Ndipo Koome aliposonga mbele.

"Wazee wangu," akasema, "huyu mama alikubali mbele yenu kwamba alihamisha jiwe. Mtu wa kuhamisha jiwe atashindwa na maua? Mimi nasema ni yeye amesogeza mpaka, akule shamba yangu."

Kumwita mtu mwizi Githongo ni ugomvi wa siku moja. Kumwita mhamisha mpaka ni jambo la vizazi. Na mtego niliuona mara moja. Mama Thuranira akisema ndiyo, kwa uchovu au kwa woga, atabaki na nyumba yake, shimo litaendelea kuchimbwa, na hakuna mtu atakayekula kwake hadi atakapozikwa. Akisema hapana, basi ni ardhi iliyosonga, na neno langu limesimama. Niliomba moyoni aseme hapana. Niliomba kwa nguvu, na nilikuwa naomba kwa ajili yangu zaidi kuliko kwa ajili yake.

Mzee Gitobu akamgeukia. Hakumtisha.

"Mama Thuranira, unasemaje?"

Alitembea hadi katikati ya safu. Alisema kwamba yeye ni mtu wa Methodist, haapi, Biblia imesema ndiyo iwe ndiyo. Lakini aliinama, akashika jani la ua moja kwa mkono wa kulia.

"Jiwe ya huyu msichana nilitoa," akasema. "Mpaka ya mzee wangu sijagusa. Kama nimegusa, hii mchanga inijue."

Mzee Gitobu akasema imetosha. Watu wakapumua. Abdilatif alinigusa begani, na nikaona macho yangu yanataka kunisaliti.

Nikamtazama Koome nione anavyoanguka. Koome alikuwa anatabasamu.

"Asante, Mama," akasema, na ilionekana anashukuru kweli. "Sasa tumekubaliana wote. Mpaka haijaguswa. Kwa hivyo ni ardhi imesonga. Na kama ardhi imesonga, hiyo nyumba si salama. Chifu, utaacha mama wa umri huu alale kwa nyumba inaanguka?"

Chifu akamtazama Injinia Mwirigi. Na bosi wangu, bila kunitazama, akasema kwamba kitaalamu hakuna njia nyingine. Nyumba ihamwe leo. Ikishakuwa tupu, hakutakuwa na mtu wa kuumia, na kazi ya kuchimba inaweza kuendelea. Hata ukingo ukishuka, utashuka na shamba tupu, na baadaye wenye shamba na mwenye jumba watazungumza bei.

Hapo nikaelewa alichomaanisha Mwirigi ofisini. Koome hakuwahi kuogopa ukingo kusonga. Alikuwa ameutaka ukingo tangu mwanzo, na Mama Thuranira alikuwa amekataa kuuza. Nilipotangaza barazani kwamba nyumba itaanguka, alinifanya kichekesho kwa sababu hakutaka ijulikane kabla hajamaliza kuchimba. Nilipothibitisha, aliigeuza ithibati yangu ikawa ndiyo fimbo ya kumfukuzia mama. Nilikuwa nimezunguka bonde zima, nimekopa droni ya harusi, nimevumilia kofia ya shangazi, ili nimpelekee Koome shamba kwenye sahani.

Wasomaji, nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na kwa vile ilivyokuwa inasonga, haikuwa mbali kufanya hivyo.

Mama Thuranira hakulia. Aliachilia lile jani, akajipangusa mkono kwenye leso, akaja hadi mbele yangu.

"Msichana wa Embu," akasema, "hii ndiyo ulikuwa unatafuta?"

"Hapana, Mama."

"Basi niambie kitu moja. Kukiwa na mtu ndani ya nyumba, hiyo tingatinga inaweza chimba?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Mwirigi alikuwa anasikiliza. Nilijua jibu, na nilijua jibu hilo litafanya nini, nikalisema kwa sauti ya kufika barabarani.

"Haiwezi. Wote tumeona mpaka umesonga. Injinia yeyote akiruhusu kuchimba chini ya nyumba yenye mtu baada ya leo, atajibu kwa jina lake."

"Sawa," akasema Mama Thuranira.

Akapanda kuelekea kwake. Hakukimbia, alitembea kama mtu anayekwenda kuangalia chungu jikoni. Alifungua ng'ombe zizini, akampa jirani kamba, akamwambia ampeleke mbali na ukingo. Kisha akaingia nyumbani, akasimama mlangoni, akatutazama sote, chifu na wazee na Koome na koti lake.

"Niliondolewa Meru nikanyamaza," akasema. "Hapa siondoki. Mnataka hii nyumba ikuwe tupu, mkuje mnitoe na mikono yenu, watu wakiona. Yule anaingia aingie. Mlango nafunga."

Hakuna aliyesogea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, lakini hawakusema ufanye nini ufa ukiwa chini ya miguu ya mama wa mtu.

Nilianza kutembea. Mwirigi akanishika mkono, na safari hii hakukuwa na ubosi katika sauti yake. Alikuwa ameogopa kweli.

"Kagure, usiwe mjinga. Hiyo ukingo umepima mwenyewe. Mvua inakuja. Wewe ndiye unajua kuliko mtu yeyote hapa."

Alikuwa anasema kweli. Katika umati wote ule, hakuna aliyejua kama nilivyojua mimi mahali ufa ungeanzia, na kwamba kitanda cha Mama Thuranira kiko upande wa shimo. Matone ya kwanza yakaanza kugonga mabati, makubwa, ya kuachana.

"Niachilie," nikamwambia.

Akaniachilia. Abdilatif aliita jina langu, nikamwonyesha kwa mkono abaki na kompyuta. Nikapita mbele ya Koome bila kumsalimu, nikavuka kizingiti, na nyuma yangu Mama Thuranira akasukuma komeo. Ndani kulikuwa na harufu ya maziwa na moshi. Alinivutia kigoda kwenye ukuta wa juu, mbali na shimo, kisha akachukua chake akaketi kando yangu.

Nilifungua dirisha la mbao kidogo, nikamwona Mwirigi amesimama kwenye mvua, mkoba wa droni yangu mgongoni.

"Injinia," nikamwita, "kwa modeli yako ya kesho, andika ndani kuna watu wawili."

Akafungua mdomo kunijibu, lakini sikumsikia. Kule shimoni, chini ya miguu yetu, mtu alikuwa amewasha tingatinga.